RNA ya damu nzima, seli moja moja, vipokezi au ubashiri wa HLA: uchague ipi kuchunguza mwitikio wa chanjo?

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ambayo kila anayefanya kazi na chanjo Afrika Mashariki anafaa kuyajua. Watu 50 wa Entebbe, Uganda, walilinganishwa na watu 50 wa Lausanne, Uswisi, wote wakiwa wamepewa chanjo ileile ya homa ya manjano, yaani 17D. Seli T za CD8 (zinazoua seli zilizoambukizwa) na seli B (zinazotengeneza kingamwili) za watu wa Entebbe ziliitikia kwa unyonge zaidi. Hata kirusi kilichodhoofishwa kilichomo ndani ya chanjo kilizaliana kidogo zaidi miilini mwao. Damu iliyotolewa kabla ya sindano ilikuwa na dalili tayari: kinga ya watu wa Entebbe ilikuwa macho, ikiwa na seli nyingi zaidi za NK (wauaji wa asili wa seli zilizoambukizwa) zilizoamshwa au zilizochoka, pamoja na monosaiti, aina ya seli nyeupe, za kuchochea inflamesheni. Na kadiri kinga ilivyokuwa macho mapema, ndivyo kingamwili za kuzima kirusi zilivyokuwa chache baadaye.

Kazi ile ilitegemea mashine za kuhesabu seli kwa leza. Tuseme leo wewe ndiye unayetaka kulisogeza swali hilo mbele kwa kompyuta: ni jeni zipi, seli zipi, kingamwili zipi zinazobeba tofauti hiyo? Njia kuu ni nne, na ya tano nitaigusa kwa ajili ya wale wenye seramu tu. Kila moja nitaipima kwa swali hilohilo la Entebbe na Lausanne, maana ukizisifu njia hizi bila swali mbele yako, zote huonekana nzuri.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa mwanafunzi wa uzamili au maabara ndogo, anza na RNA ya damu nzima, yaani nakala za jeni zinazotumika ndani ya seli zote za damu kwa pamoja, hata kama kila semina unayohudhuria inaimba usomaji wa seli moja moja.

Friza lako lina nini?

Kabla ya kubishana kuhusu programu, fungua friza. Aina ya sampuli huamua mengi kuliko ubora wa kompyuta.

Kama damu ilichukuliwa kwenye tyubu za PAXgene, mililita 2.5 kila moja, una RNA iliyotulizwa papo hapo. Tyubu hizo huvumilia siku tatu kwenye joto la kawaida la chumba kabla ya kugandishwa, jambo linaloziokoa tafiti za vituo vya mbali na mji. Hapo RNA ya damu nzima inawezekana. Seli moja moja haiwezekani tena, kwa sababu seli zenyewe zimeshapasuliwa.

Kama una seli nyeupe za PBMC (limfosaiti na monosaiti, bila nyutrofili) zilizotengwa na kuhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika, milango karibu yote iko wazi, mradi naitrojeni haikukauka katikati ya safari. Kama una DNA peke yake, unaweza kujua HLA ya kila mtu, yaani aina ya protini zake zinazozionyesha seli T vipande vya kirusi. Na kama una seramu peke yake, ambayo ndiyo hali ya tafiti nyingi za zamani za chanjo, jeni zisahau. Lakini usiitupe, tutairudia.

RNA ya damu nzima

Hapa unasoma RNA ya seli zote kwa pamoja, kwa kawaida vipande milioni 20 hadi 30 kwa sampuli, kisha unahesabu kila jeni imetumika kiasi gani kabla na baada ya chanjo. Ni kama kusimama nje ya Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga: unasikia kwamba bao limefungwa, na kwa mlio wa mashabiki unajua ni upande gani, lakini mfungaji humwoni.

Usidharau kujua tu kwamba bao limefungwa. Mwaka 2009 kundi la mtafiti wa kinga Bali Pulendran, akiwa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, lilichukua damu ya watu 15 waliochanjwa homa ya manjano, likatafuta jeni za siku za mwanzo zinazoweza kutabiri mwitikio wa wiki za baadaye, kisha likajaribu utabiri huo kwa watu wengine 10. Jeni EIF2AK4 ilikuwa miongoni mwa zilizotabiri seli T za CD8, na TNFRSF17 ikawa miongoni mwa zilizotabiri kingamwili. Usahihi uliotangazwa ulifika hadi asilimia 90 kwa seli T na hadi 100 kwa kingamwili. Asilimia 100 ya watu kumi haipaswi kumlevya mtu, lakini kilichofuata ndicho chenye uzito: mwaka 2014 kundi hilohilo lilionyesha kwamba protini ya EIF2AK4, iitwayo GCN2, husaidia seli za dendriti, walinzi wa mwanzo wa kinga, kuwasilisha antijeni (vipande vya kirusi) kwa seli T. Orodha ya jeni iliyotoka kwenye kompyuta ilizaa utaratibu wa kibayolojia unaoweza kupimwa kwenye panya. Hicho ndicho kipimo changu cha njia nzuri.

Faida ya pili ni kwamba data ya kujifunzia ipo bure. Data ya utafiti huo wa 2009 imewekwa kwenye GEO, kanzidata ya umma ya data za jeni, kwa namba GSE13485. Ni ya chipu za jeni, teknolojia ya zamani, lakini mafundisho ni yaleyale. ImmPort, kanzidata ya tafiti za kinga, nayo ina tafiti nyingi za chanjo, unajisajili na kupakua. Mwaka 2022 data za chanjo 13 ziliunganishwa: watu wazima 820 kutoka tafiti 28, sampuli zaidi ya 3,000. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba chanjo nyingi huamsha kinga ya asili siku ya 1, na plazmablasti, zile seli za B zinazomimina kingamwili, hujitokeza siku ya 7. Homa ya manjano inakwenda kwa saa yake: alama za interferoni, protini za kuutahadharisha mwili kuhusu kirusi, hufika kileleni siku ya 7, na plazmablasti kati ya siku ya 14 na 21. Sababu haijifichi, kwani 17D ni kirusi hai ambacho lazima kwanza kizaliane. Kwa hiyo anayechukua damu siku ya 1 na ya 28 tu, kwa mazoea ya chanjo nyingine, atakosa karibu kila kitu, na hakuna programu itakayomrudishia.

Kwa upande wa kompyuta, njia hii haina makuu. Ukitumia STAR kupanga vipande kwenye jenomu ya binadamu utahitaji RAM ya GB 30 hivi. Ukitumia Salmon au kallisto, kompyuta mpakato yenye GB 16 inatosha. Uchambuzi wenyewe hufanyika kwa DESeq2, edgeR au limma, zote za bure kwenye R. Badala ya kuhangaika na jeni 20,000 mojamoja ukiwa na watu 30, zikusanye katika moduli, yaani makundi ya jeni zinazopanda na kushuka pamoja: kuna seti ya moduli 346 za RNA ya damu iliyochapishwa 2014 mahsusi kwa tafiti za chanjo, na inapunguza sana hatari ya kushangilia bahati nasibu.

Sasa mtego, na hapa nakaa kidogo kwa sababu unatuhusu sisi kuliko wengine. Damu nzima imejaa nyutrofili, aina ya seli nyeupe. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana kipokezi cha Duffy kwenye chembe nyekundu, hali iliyoenea kwa sababu humkinga mtu dhidi ya malaria ya vivax, na wenye hali hiyo huwa na nyutrofili chache kwenye damu wakiwa wazima kabisa. Ukilinganisha damu nzima ya Entebbe na ya Lausanne, jeni za nyutrofili zitashuka upande mmoja, na utaandika tasnifu ya kurasa mia kuhusu «upungufu wa kinga» ambao ni hesabu tu ya seli. Dawa yake ni ya kizamani: pima damu kamili ya kila mshiriki siku hiyohiyo, uingize hesabu ya seli kwenye modeli. CIBERSORT hukadiria mchanganyiko wa aina 22 za seli kutoka kwenye RNA yenyewe, lakini makadirio hayashindi hesabu ya kweli iliyofanywa na mtu wa maabara.

Mtego wa pili ni wa bechi, yaani mafungu ya sampuli zinazosomwa pamoja. Sampuli za Entebbe zikisomwa Machi na za Lausanne Septemba, tofauti ya mashine na tofauti ya watu zimefungwa fundo moja. Changanya sampuli kabla ya kuzituma.

Seli moja moja

Njia hii hutenga kila seli kwenye tone lake, huipa alama yake ya utambulisho, kisha husoma RNA yake peke yake. Kwa sampuli moja unaweza kupata seli 5,000 hadi 10,000, kila moja ikiwa na jeni elfu moja hadi tatu zilizoonekana. Sasa mfungaji wa bao unamwona kwa jina na jezi.

Mfano bora ninaoujua unahusu chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer-BioNTech. Mwaka 2021 Pulendran tena, sasa akiwa Stanford, na wenzake walionyesha kwamba dozi ya pili iliamsha kinga ya asili kwa nguvu kuliko ya kwanza. Kundi moja dogo la seli za ukoo wa myeloidi (ukoo wa monosaiti na jamaa zake), lililojaa vidhibiti vya jeni vya mwitikio wa interferoni, liliongezeka karibu mara 100 baada ya dozi hiyo ya pili. Kundi dogo namna hiyo lingemezwa ndani ya RNA ya jumla: ungeona interferoni imepanda bila kujua kwamba aina mpya ya seli imeingia uwanjani.

Kwa swali la Entebbe, njia hii ingekwambia kama monosaiti zilizo macho kabla ya chanjo ni aina ileile iliyoongezeka idadi au ni monosaiti zilizobadilika tabia. Swali zuri, na RNA ya damu nzima haiwezi kulijibu.

Lakini angalia gharama, na sizungumzii fedha kwanza, ingawa sampuli moja ya seli moja moja hugharimu mara kadhaa ya sampuli moja ya RNA ya jumla. Gharama kubwa ni ya hesabu. Mwanafunzi akipata seli 40,000 kutoka kwa watu wanne huona namba kubwa na kuamini ana nguvu ya takwimu ya 40,000. Ana nguvu ya watu wanne. Seli za mtu mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Ukizihesabu kama mashahidi huru utapata thamani za p zenye sifuri kumi na tano baada ya nukta, na hazina maana yoyote. Namna ya uaminifu ni kujumlisha seli za aina moja ndani ya kila mtu kisha kulinganisha watu, jambo linalokurudisha kwenye DESeq2 na edgeR zilezile. Seurat ya R na Scanpy ya Python zinafanya kazi nzuri ya kupanga seli kwenye makundi na kuchora picha za kupendeza. Picha hizo zimechangia, nadhani, nusu ya umaarufu wa njia hii.

Kuna na la vitendo. Seli zikiyeyushwa kutoka kwenye naitrojeni, unataka zaidi ya asilimia 80 ziwe hai, la sivyo RNA ya seli zilizokufa huelea na kuchafua matone yote. Nyutrofili hazimo hata kidogo, kwa kuwa hutupwa wakati wa kutenga PBMC. Tofauti ya Duffy niliyoitaja inakukwepa kimyakimya, ambayo kwa baadhi ya maswali ni nafuu na kwa mengine ni upofu.

Chagua seli moja moja pale tu unapoweza kutaja, kabla ya kuanza, ni seli gani unaishuku. Vinginevyo fanya RNA ya jumla kwa watu 40, kisha peleka wanane waliojitokeza kwenye seli moja moja.

Vipokezi vya seli B na T

Kila seli B na kila seli T huunda kipokezi chake kwa kukata na kuunganisha vipande vya jeni V, D na J. Ukisoma vipokezi hivyo kwa wingi, unaona koo za seli zilizopanuka baada ya chanjo na jinsi kingamwili zinavyokusanya mabadiliko ili kushika kirusi vizuri zaidi. MiXCR, IgBLAST na mkusanyiko wa Immcantation ndivyo vyombo vya kazi.

Pale ambapo swali linahusu kingamwili mahususi, hakuna njia inayoishinda. Jaribio la chanjo ya VVU liitwalo IAVI G001, lililochapishwa 2022, lilitaka kuamsha seli B za mwanzo kabisa za ukoo wa VRC01, kingamwili inayozima aina nyingi za VVU. Mafanikio yalipimwa kwa kusoma vipokezi, na watu 35 kati ya 36 waliopewa chanjo waliitikia. Aliyebaki hakuwa na aina ya jeni IGHV1-2 inayotakiwa kuunda kingamwili hiyo. Fikiria: jeni moja, ya kuzaliwa nayo, inaamua kama chanjo ina mahali pa kuanzia. Jaribio lililofuata, IAVI G003, lilipelekwa Rwanda na Afrika Kusini kuona kama jambo hilohilo linawezekana kwa watu wa huku.

Hapo ndipo penye udhaifu pia. Programu hulinganisha kila kipokezi na orodha ya jeni za kuzaliwa, na orodha hizo hazijawajaza Waafrika inavyopaswa. Mshiriki wako akiwa na aina ya jeni ambayo haimo kwenye orodha, programu itaiita badiliko lililotokana na chanjo, na utaripoti ukomavu wa kingamwili ambao haupo. TIgGER, iliyomo ndani ya Immcantation, hukisia jeni mpya kutoka kwenye data yenyewe. Kwa sampuli za Afrika iwe hatua ya lazima.

Tena kumbuka uchache. Mililita 10 za damu hutoa seli nyeupe milioni 10 hivi, na B ni kama moja ya kumi ya hizo. Ni kipande kidogo sana cha zilizomo mwilini. Ukoo usioonekana kwenye tyubu yako haujatoweka, hukuuchota tu. Kwa homa ya manjano chota kati ya siku ya 14 na 21, kwa sababu zilizoelezwa juu.

Ubashiri wa HLA

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Unachukua mfuatano wa protini za kirusi, unauingiza kwenye programu ya NetMHCpan, unataja HLA ya mtu, na programu inakwambia ni vipande vipi vitakaa vizuri kwenye HLA hiyo ili seli T ivione. Haihitaji friza wala, kwa kweli, mshiriki.

Protini ndefu ya kirusi cha homa ya manjano ina amino asidi 3,411. Ukiikata vipande vya tisa tisa unapata 3,403. Kwa mpaka wa kawaida wa asilimia 2, kila aina ya HLA itakupa vipande sabini hivi. Vinavyoamsha seli T kweli ni vichache mno. Kwa watu wenye HLA-A*02:01, kipande kimoja, LLWNGPMAV cha protini NS4B, hutawala mwitikio wote, na kwa sababu hiyo kimekuwa chambo cha tafiti nyingi za Ulaya. Afrika Mashariki A*02:01 haijaenea kama Ulaya. Huku utakutana zaidi na A*30:01, A*68:02, A*23:01 na jamaa zao. Ukienda Entebbe na chambo cha Lausanne utavua kidogo, kisha useme samaki hawapo.

Tumia ubashiri kupunguza orodha ya vipande vya kwenda kupimwa maabara. Makala za «chanjo iliyobuniwa kwa kompyuta» ambazo huishia kwenye ubashiri bila seli hata moja kuguswa ni nyingi, na mimi nikikutana nazo huzipita.

Mwenye seramu tu

Seramu ikipimwa dhidi ya virusi vya matoleo tofauti, viwango vyake vinaweza kugeuzwa kuwa ramani: virusi vinavyofanana machoni pa kingamwili hukaa karibu, vinavyotofautiana hukaa mbali. Derek Smith na wenzake walifanya hivyo mwaka 2004 kwa mafua ya H3N2 ya miaka 35, na ramani za namna hiyo zimeingia kwenye mashauriano ya Shirika la Afya Duniani ya kuchagua virusi vya chanjo ya mafua, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka. Pakiti ya R iitwayo Racmacs huchora ramani hizo kwenye kompyuta yoyote. Inafaa kwa mafua, korona na dengi. Kwa homa ya manjano haina kazi, kwa sababu kirusi chake kina serotaipu moja tu, yaani kwa kingamwili matoleo yake yote ni yaleyale. Ramani yako itakuwa nukta.

Nikilazimishwa kuchagua

Swali lako likiwa «nani ataitikia, na kwa nini wengine hawaitikii», chukua RNA ya damu nzima, pamoja na hesabu kamili ya damu. Likiwa «seli gani hasa inaleta tofauti», na una jina la mshukiwa, nenda seli moja moja kwa watu wachache uliowachagua kwa makini. Likiwa «kingamwili ipi, ya ukoo upi», soma vipokezi. Ubashiri wa HLA uwe msaidizi wa mojawapo, usiwe kazi nzima. Kama bajeti inaruhusu mbili, ningeoanisha damu nzima na vipokezi kabla ya kuoanisha damu nzima na seli moja moja, ingawa najua wenzangu kadhaa watapinga.

Na kama utafiti bado uko kwenye karatasi na kibali cha maadili hakijaombwa, ongeza kwenye itifaki tyubu moja ya PAXgene na mililita 10 za kutenga seli nyeupe, kwa kila mshiriki, kabla ya sindano ya kwanza. Taja pia kwenye fomu ya ridhaa kwamba sampuli zinaweza kusomwa jeni baadaye na kusafirishwa nje, kwa sababu kurudi kwa washiriki kuomba ridhaa upya ni kazi ya miezi. Damu ya siku ya 7 ukiikosa kwa mtu mmoja, utafiti unaendelea. Damu ya siku ya sifuri ikikosekana, mtu huyo hana tena cha kulinganishwa nacho.